Uzi Mmoja, Njiti Moja

Kando ya cherehani yangu hapa Kibuye
sikosi mkasi, chai ya rangi, na kibiriti.
Sigara sivuti.
Muulize Imbuga, muuza makoti mkabala nami,
kibiriti hiki kimemkosesha wateja wangapi.

"Pamba tupu, mama," huapa,
akiifunika lebo kwa kidole gumba.
Lebo ni maneno. Mimi nachomoa uzi mmoja
upande wa ndani, pasipoonekana,
nauwasha.

Pamba huwaka kama ukurasa wa daftari,
upesi, bila kinyongo,
na jivu lake ukilipumulia halipo.
Kitani ni nduguye, ila mzito wa kushika.
Sufu hunuka kichwa cha mbuzi kikibabuliwa
nyuma ya kibanda cha supu, kisha hujizima
kama mtu aliyekumbuka adabu.
Rayoni hunihangaisha hata mimi:
mti uliopikwa kiwandani hadi ukasahau magome.
Ukiuchoma wanukia karatasi, waapa ni pamba.
Basi uloweshe, uuvute.
Ukikatika kama ahadi, ndio wenyewe.

Poliesta haiwaki, inanywea.
Inaukimbia moto, inajikunja, inadondoka,
inaacha shanga nyeusi
ngumu kama punje ya mtama.

Haya sikuyasomea. Baba,
Ogwel wa zamu ya usiku,
alirudi alfajiri kutoka kiwanda cha nguo
nyusi nyeupe, kope nyeupe,
kama aliyenyeshewa mvua ya mawe ikagoma kuyeyuka.
Mama alimnyonyoa mlangoni kama kuku.
Hakutupa hata nyuzi moja:
mto ninaolalia mpaka leo
umejaa pamba ile, na kikohozi chake.

Malori yalishuka kutoka Busia, kutoka Karachuonyo,
marobota yakipumua vumbi jeupe barabarani.
Kisha asubuhi moja king'ora hakikulia.
Baba alilishwa na tumba,
mimi nalishwa na mtumba.
Herufi moja tu kati yetu.

Tulimzika na shati lililofumwa zamu yake.
Sasa limeshakuwa udongo, kola na vyote,
vimebaki vifungo.

Jumapili iliyopita akaja Vugutsa wa Mbale
na mtandio wa zambarau ndani ya mfuko wa sukari.
"Hariri," alisema. "Marehemu alininunulia
mwaka tulipooana. Mshahara wa miezi miwili.
Nitilie bitana ya gauni la Minayo,
anaolewa Desemba."

Mkono wangu ulijua kabla yangu.
Nikataja bei. Nikasifu rangi.
Nikapima urefu ambao nilikwisha kuupima.

"Choma," alisema. "Kibiriti nakiona."
"Si lazima, dada."
"Nimelala na swali hili miaka thelathini na mmoja.
Choma."

Hariri ingenukia nywele.
Nilisubiri harufu ya nywele, wallahi nilisubiri,
nikainamisha pua kama anayeonja mboga.
Uzi ukanywea.
Ukajikunja, ukadondoka juu ya meza,
na Imbuga, asiyenyamaza hata kanisani,
akanyamaza.

Vugutsa akaiokota ile shanga kabla haijapoa,
akaibiringisha kati ya vidole viwili.
"Mwongo," alisema,
polepole, kama anayemwita mtu aje kula.

Akaunyanyua mtandio juani.
Hapana tundu, hapana doa, hapana palipopauka,
zambarau ile ile ya siku ya kwanza
ikamwagika usoni mwake.
"Hariri," akasema, "ingekuwa imeshaliwa na nondo."

Kisha akanipunguzia bei shilingi mia mbili
kwa sababu, alisema, bitana ya poliesta haina kazi kubwa,
nami sikubishana.

Alipofungua pindo la leso kunilipa
nilimwona akiitia shanga ile nyeusi
pamoja na chenji yake,
akafunga fundo,
akalikaza kwa meno.